Kumpata Kocha wa Ushambuliaji wa Timu ya Chuo

Mwongozo huu ni wako kama u waziri wa michezo katika serikali ya wanafunzi, mlezi wa michezo kwenye ofisi ya Mshauri wa Wanafunzi, au kocha mkuu anayetafuta mtu wa kumshikia kazi ya pale mbele. Umevilenga hasa vyuo vya katikati ya jiji la Dar es Salaam: CBE na DIT pale Bibi Titi Mohamed, IFM Mtaa wa Shaaban Robert, Chuo cha Bahari upande wa bandarini, na vingine vinavyobanana navyo. Mna wanafunzi wengi, eneo la kuchezea ni dogo, na kila mmoja wenu amezungukwa na watu wa Kariakoo wanaojua mpira kuliko kocha.

Kwanza: je, unamhitaji kweli?

Timu ya chuo inaweza kufundishwa kukaba vizuri kwa wiki mbili au tatu. Wachezaji wanaambiwa wasimame wapi, nani amfuate nani, basi linapakiwa, mambo yanakwenda. Kushambulia hakuji hivyo. Winga akate ndani lini, namba tisa akimbilie mlingoti wa karibu au wa mbali, namba kumi aachie pasi kabla au baada ya beki kutoka: haya ni mazoea, na mazoea yanataka kurudiwa mara nyingi na watu walewale. Chuo hakina watu walewale. Wa mwaka wa tatu wanahitimu, wengine wanakwenda field (mafunzo kwa vitendo) miezi miwili, na straika wako mzuri ana mtihani wa marudio siku ya nusu fainali. Kocha mkuu mmoja mwenye wachezaji thelathini hawezi kuanza upya na washambuliaji kila muhula huku akiangalia mabeki na makipa. Hiyo ndiyo sababu ya kutafuta msaidizi wa kushughulikia ushambuliaji peke yake.

Soka la dunia nalo limekwenda huko. Liverpool ilimchukua Thomas Grønnemark wa Denmark mwaka 2018 kufundisha mipira ya kurusha tu, na Arsenal ikamchukua Nicolas Jover mwaka 2021 kwa ajili ya mipira iliyokufa. Wamarekani walitangulia zamani. Katika vyuo vyao, kwenye ule mpira wao wa yai, msaidizi anayesimamia mashambulizi ni mtu mzito, na katika timu nyingi ndiye anayechagua shambulizi lipi lichezwe, kocha mkuu akimwachia. Kwao swali la nani anaamua nini hujibiwa kabla mtu hajaajiriwa. Huku kwetu hujibiwa dakika ya 70, kwa makelele, mbele ya wachezaji.

Kabla hujatangaza nafasi, chukua daftari la mechi zako kumi zilizopita. Kama huna daftari, anza nalo mechi ijayo, kocha asubiri. Hesabu mambo mawili: mara ngapi timu ilifika ndani ya boksi la mpinzani, na mashuti mangapi yalipigwa humo.

- Mnafika boksini mara nyingi na mnakosa: mnahitaji kocha wa washambuliaji.
- Hamfiki kabisa: tatizo liko kwa viungo na mabeki wanaoanzisha mpira. Straika mnamlaumu bure.
- Mazoezini mna mipira mitano kwa wachezaji thelathini: nunueni mipira.

Hatua ya 1: Andika nani ana kauli

Usiruke hatua hii hata kama una haraka. Keti na kocha mkuu, mwandike ukurasa mmoja, wote wawili muusaini. Ukurasa huo ujibu haya:

1. Nani anapanga mazoezi ya washambuliaji, na kwa dakika ngapi kila siku ya mazoezi?
2. Nani anachagua mpigaji wa penalti, kona na faulo?
3. Wakati wa mechi, msaidizi anaruhusiwa kuwapigia kelele wachezaji kutoka kwenye mstari, au anamwambia kocha mkuu na yeye ndiye anasema?
4. Nani anapendekeza mabadiliko ya washambuliaji, na nani ana neno la mwisho?
5. Kocha mkuu akiondoka, msaidizi anabaki?

Swali la tano linaonekana la mbali, lakini Simba na Yanga za Kariakoo zinakupa mafunzo kila msimu. Selemani Matola, nahodha wa zamani wa Simba, amekaa kwenye benchi la ufundi la klabu hiyo chini ya makocha wakuu wengi, akiwemo Sven Vandenbroeck, Didier Gomes, Pablo Franco na baadaye Fadlu Davids. Wakuu walikuja na kuondoka, yeye akabaki na kumbukumbu ya timu. Yanga nao waliwahi kumrudisha Cedric Kaze kama msaidizi wa Nasreddine Nabi mwaka 2021, ingawa mwanzoni mwa mwaka huohuo Kaze alikuwa ndiye kocha mkuu. Msimu wa 2021/22 ukaisha Yanga ikiwa bingwa bila kufungwa kwenye ligi. Mtu aliyewahi kuwa mkuu anaweza kukaa kiti cha msaidizi, ila mipaka iwe wazi.

Tahadhari: usimwajiri msaidizi kwa siri, kwa nia ya kumwandaa achukue nafasi ya kocha mkuu. Wachezaji watajua kabla ya kocha mkuu kujua, na kuanzia siku hiyo una timu mbili.

Hatua ya 2: Hesabu fedha, halafu toa ahadi

Vyuo vingi huanza na jina la kocha kisha ndiyo vinatafuta hela. Geuza. Chukua wiki za muhula ambazo timu inafanya mazoezi kweli, ukitoa za mitihani. Tuseme ni 14. Mazoezi matatu kwa wiki ni vipindi 42. Ongeza mechi za kirafiki na za mashindano. Zidisha kwa posho ya kipindi mnayoweza kulipa bila kukopa, ongeza nauli. Hiyo ndiyo bajeti yako. Kama ni ndogo, punguza siku za huyu msaidizi. Mara mbili kwa wiki akilipwa kwa wakati ni bora kuliko mara nne kwa ahadi.

Nauli usiidharau. Kocha anayetoka Mbagala au Gongo la Mboto kufika Kidongo Chekundu saa kumi na moja jioni anatumia muda na pesa. Akichelewa nusu saa, washambuliaji wako wamepoteza sehemu kubwa ya mafunzo yao, maana giza linawakuta.

Na uwanja uhesabiwe pia. Nyasi bandia za JMK Park zinagombewa na kila mtu, na viwanja vya Jangwani wakati wa masika ni bwawa. Ukimwajiri mtu mwezi Machi, mweleze mapema mtafanyia wapi mazoezi mwezi Aprili.

Hatua ya 3: Tangaza, na tafuta palipo na watu

Tangazo la karatasi moja linatosha: kazi, siku na saa, mahali, kiwango cha leseni, posho, mwisho wa kutuma maombi. Taja posho. Kuficha kunakuletea watu thelathini ambao ishirini na tano wataondoka wakisikia kiasi.

Libandike chuoni, lakini pia lipeleke chama cha soka cha mkoa, DRFA, na kwa TAFCA, chama cha makocha. Waulize wanaoendesha kozi za leseni za awali: wahitimu wao wana hamu ya timu. Nenda kwenye michuano ya ndondo mitaani ukaangalie timu inayofunga mabao yanayofanana. Bao moja zuri ni bahati ya mchezaji. Mabao matatu yanayotoka upande uleule kwa namna ileile yana mwalimu nyuma yake. Uliza ni nani.

Usiwasahau makocha wanawake. Tangu Simba Queens ifike nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika kwa wanawake mwaka 2022, hakuna tena wa kusema soka la wanawake nchini halina utaalamu.

Kuhusu wachezaji wa zamani wa Simba na Yanga: jina lao litakuletea watazamaji na pengine mdhamini, na hilo si dogo. Ila kufunga ni kazi moja, kumfundisha mwenzako kufunga ni nyingine. Apite mchujo uleule kama wengine.

Hatua ya 4: Chuja karatasi

Leseni za CAF hupanda kutoka D, C, B, A hadi Pro. Kwa msaidizi wa timu ya chuo, C inatosha, B ni neema. Mwenye D anayefundisha vizuri usimtupe, mpe sharti la kuendelea na kozi.

Makosa ya kawaida hapa:

- Kupokea picha ya leseni kwa WhatsApp na kuridhika. Omba uone halisi, angalia tarehe ya kuisha, kisha thibitisha TFF, ofisi zao pale Karume, Ilala. Si mbali.
- Kuchanganya cheti cha kuhudhuria semina na leseni. Vinafanana kwa mapambo.
- Kuvutiwa na orodha ndefu ya timu. Timu saba kwa miaka mitatu ni swali la kuuliza.

Bakiza watu watatu au wanne. Zaidi ya hapo hatua inayofuata itakushinda.

Hatua ya 5: Mazoezi ya majaribio

Hapa ndipo kocha anapoonekana. Mdomo wa kocha wa Dar es Salaam ni mtamu, na ukianza na usaili utamwajiri msemaji. Anza na nyasi.

Siku mbili kabla, mtumie kila mmoja kipande cha dakika kumi cha mechi yenu, kilichorekodiwa kwa simu kutoka juu ya jukwaa au ghorofani, na maelezo haya: "Una dakika 45, wachezaji 16 pamoja na kipa mmoja wa ziada, mipira kumi, koni na vizibao, nusu ya uwanja. Wapinzani wetu wajao wanapaki basi. Tufundishe namna moja ya kulifungua." Wote wapewe swali lilelile, na ikiwezekana wachezaji walewale kwa siku tofauti. Walipe posho ya siku hiyo hata wasipochukuliwa, maana wamefanya kazi.

Weka watu wawili pembeni. Mmoja ana saa, mwingine ana daftari.

*Wa saa apime:* dakika ambazo kocha anaongea huku wachezaji wamesimama, na dakika ambazo mpira unatembea. Mazoezi ambayo theluthi moja ni hotuba hayafai, hata hotuba ikiwa ya dhahabu.

*Wa daftari ahesabu:* kila mshambuliaji amepiga mashuti mangapi golini. Foleni ya watu kumi, kila mmoja akisubiri zamu yake kupiga mara moja, ni zoezi la kupumzika.

Kisha angalia yasiyohesabika. Aliitumia ile video, au amekuja na zoezi la kutoka mtandaoni? Zoezi lilipokwama, alilibadilisha au alilazimisha? Alimrekebisha mchezaji kwa kumwonyesha, au kwa kumwaibisha? Dakika ya 30 anajua majina mangapi? Mwishoni, aliwaweka wachezaji kwenye mchezo wenye mabeki wanaokaba kweli? Wengi huishia kwenye koni, na koni haijawahi kumkaba mtu.

Baada ya kocha kuondoka, waulize washambuliaji swali moja tu, kila mtu peke yake: "Amekufundisha nini leo?" Majibu yakifanana, una mwalimu. Wakisema "alikuwa fresh" bila kutaja kitu, alikuwa fresh tu.

Hatua ya 6: Usaili

Dakika 40 zinatosha. Kocha mkuu awepo, mlezi awepo, na nahodha mmoja wa wachezaji awepo. Maswali ya kumuuliza:

- "Kwenye ile video, taja mambo matatu tunayokosea tukiwa na mpira. Ungeanza na lipi, kwa nini?" Anayetaja kumi hajachagua.
- "Straika wetu wa kwanza anakwenda field Julai. Utafanya nini Mei?"
- "Wewe unataka tushambulie kwa pasi fupi, kocha mkuu anataka mipira mirefu kwa winga. Jumamosi tunacheza. Tuambie Ijumaa inakwendaje." Jibu zuri ni la mtu anayebishana ndani ya chumba na kutii uwanjani. Anayesema hatabishana kamwe humhitaji.
- "Mchezaji amekosa mazoezi mawili kwa sababu ya mtihani." Chuo ni cha masomo kwanza. Asiyekubali hilo aende ligi daraja la pili.

Na kuna swali litakalokuja kutoka kwake, la bajeti ya "mambo ya nje ya uwanja". Kila mtu mjini anajua kamati ya ufundi ina maana mbili, moja ya uwanjani na moja ya uganga. Jibu kwamba chuo hakina kifungu cha matumizi hayo, mwendelee.

Hatua ya 7: Piga simu

Wadhamini walioandikwa kwenye wasifu watamsifu, ndiyo maana wameandikwa. Tafuta wengine wawili: kiongozi wa timu aliyoachana nayo, na mshambuliaji aliyekaa benchi chini yake. Huyu wa benchi ndiye atakayekueleza kama kocha anafundisha wote au anafundisha kumi na mmoja tu. Uliza pia waziwazi kuhusu pesa za wachezaji na mwenendo wake kwa wanafunzi wa kike. Ukisikia kigugumizi, piga simu ya tatu.

Hatua ya 8: Mkataba

Mkataba usainiwe na chuo kupitia ofisi zake za utumishi na sheria. Serikali ya wanafunzi inapendekeza na kusimamia. Waziri wa michezo anamaliza muda wake kwa mwaka mmoja, deni linabaki.

Wengi hudhani kwamba wakimwita "kocha wa kujitolea" au "wa posho" wamekwepa sheria ya kazi. Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004 inaorodhesha dalili za mtu kuchukuliwa kuwa mwajiriwa mpaka ithibitishwe vinginevyo, na mojawapo ni kufanya kazi wastani wa saa 45 au zaidi kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita. Piga hesabu: mazoezi matatu ya saa mbili ni takriban saa 26 kwa mwezi. Ongeza mechi na kikao cha video kila wiki, unakaribia 40. Kambi ya mashindano inakuvusha. Kama atakuwa mwajiriwa, mlipie michango na kodi kama mwajiriwa.

Mwanasheria wa chuo akusaidie pia kwenye muda. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini inaruhusu mikataba ya muda maalumu kwa makundi fulani, wakiwemo wataalamu na kada ya uongozi, na kanuni za mwaka 2017 zinataka isipungue miezi kumi na miwili. Mkataba wa ajira wa muhula mmoja kwa hiyo unaweza kuwa na shida, na ndiyo sababu vyuo vinapaswa kuamua mapema: ajira ya mwaka, au huduma inayolipwa kwa kipindi.

Orodha ya kukagua kabla ya kusaini:

☐ Ule ukurasa wa Hatua ya 1 umeambatanishwa
☐ Posho, tarehe ya kulipa, na nani analipa nauli
☐ Siku za mazoezi, na nini kinatokea mvua ikifunga uwanja
☐ Taarifa ya kuacha kazi kwa pande zote mbili
☐ Video na mipango ya mazoezi ni mali ya timu
☐ Kanuni za mwenendo: hakuna vikao vya faragha na mwanafunzi chumbani au nyumbani, hakuna kuomba chochote kwa nafasi ya kucheza, na malalamiko yanapelekwa dawati la jinsia
☐ Kama si raia: kibali cha kazi na kibali cha ukaazi vimekamilika kabla hajashika filimbi

Kifungu cha kuacha kazi kiandikwe kwa makini. Sead Ramovic alifika Yanga Novemba 2024, na Februari 2025 alikuwa ameshakwenda CR Belouizdad ya Algeria. Wako hataitwa Algeria, ila anaweza kuitwa na timu ya daraja la kwanza katikati ya mashindano yenu, na ana haki ya kwenda.

Mkimwachisha, fuateni utaratibu na mwandike sababu. Anayelalamikia kuachishwa kazi isivyo halali ana siku 30 za kufika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA. Kwa madai mengine, kama posho isiyolipwa, ana siku 60.

Hatua ya 9: Wiki sita za kwanza

Usimpime kwa matokeo ya mechi mbili. Mpime kwa lile daftari la mwanzo: mara ngapi mnafika boksini, mashuti mangapi humo. Wiki ya tatu keti naye na kocha mkuu nusu saa, angalieni namba. Wiki ya sita rudieni. Namba zikipanda na mabao bado hayaji, vumilia, yanakuja. Namba zikisimama palepale, muulize anabadilisha nini, na umpe wiki tatu.

Katika kipindi hicho mlinde na ushauri wa kila mtu. Mhadhiri aliyecheza zamani, mfadhili wa jezi mwenye duka Mtaa wa Kongo, kaka wa winga: wote watakuwa na maoni. Wapokee wewe, usiwaache wafike mstarini.

Jambo la mwisho ni kalenda. Tangazo litoke wiki mbili kabla ya muhula, majaribio yafanyike wiki ya kwanza, mkataba usainiwe wiki ya pili au ya tatu. Ikifika wiki ya tano hujapata mtu anayefaa, usichukue yeyote ili mradi. Mwongezee kocha mkuu mipira na siku moja ya mazoezi, na utangaze tena muhula unaofuata.